Filamu nne za mapenzi za Hollywood ya kale: ipi muanze nayo wewe na mwenzako?

Wifi yangu anaolewa Desemba. Katikati ya vikao vya harusi, kadi za michango na mjadala wa vitenge vya sare, alinitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku: "Wifi, wewe ndiye mtu wa sinema za kizamani. Nichagulie moja ya mapenzi, ya kuchekesha, tuitazame mimi na mchumba wangu. Ila mwanamke asiwe pambo."

Hayo maneno ya mwisho yalinifanya nisimjibu haraka. Angetaka kicheko peke yake, ningemtajia ya kwanza iliyonijia kichwani. "Asiwe pambo" ni sharti zito kwa filamu za miaka ya 1930 na 1940, ambapo haki ya kupiga kura ya wanawake wa Marekani ilikuwa imeingia kwenye katiba yao mwaka 1920 tu. Hata hivyo ni miaka hiyohiyo, na kwenye vichekesho hasa, ndipo utawakuta wanawake wanaojibu, wanaofanya kazi wanayoiweza kuliko wanaume waliowazunguka, wanaoondoka, na wakirudi wanarudi kwa miguu yao.

Nimezitazama upya nne kwa usiku nne, mume wangu pembeni: It Happened One Night (1934), The Awful Truth (1937), His Girl Friday (1940) na Adam's Rib (1949). Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe, na hakuna inayozidi saa moja na dakika 45. Na zote zina watu wawili wanaotupiana maneno kama vikundi viwili vya taarabu vilivyokutanishwa ukumbi mmoja. Nitaeleza na miisho yake, kwa sababu bila mwisho huwezi kupima ninachotaka kupima.

Kipimo changu

Filamu nyingi za mapenzi zinamchukua mwanamke mwenye kiburi, zinamfunza adabu mpaka anyooke, kisha zinampa mume kama zawadi ya kunyooka. Mwanamume ameingia akiwa na haki na anatoka akiwa na haki. Kwa hiyo siku hizi sijiulizi kama mwanamke kwenye filamu "ana nguvu", maana hata mwenye kelele nyingi anaweza kuwa pambo. Najiuliza mambo mawili. Mwanamume naye amebadilika? Na pakitokea kosa, nani ametamka kwa kinywa chake kwamba amekosea?

Kuna sababu ya kihistoria kwa nini vichekesho vya wakati ule vinajibu maswali haya vizuri kuliko filamu nyingi zilizofuata. Kuanzia katikati ya mwaka 1934, studio za Hollywood zilibanwa kwelikweli na kanuni za maadili zilizosimamiwa na Joseph Breen. Uzinzi haukuruhusiwa kuonekana jambo la kupendeza, na hata mume na mke walionyeshwa mara nyingi kwenye vitanda viwili vilivyotenganishwa. Waandishi wakapata mwanya. Ukiwachukua mume na mke waliopeana talaka, unaweza kuwaacha watongozane, waoneane wivu, walale vyumba vya jirani, na mwishoni ukawarudisha kwenye ndoa bila kanuni kuvunjwa. Faida iliyopatikana humo sidhani kama kuna aliyeipanga. Mwanamume anayemtongoza mke aliyekwisha kuachana naye hawezi kutegemea sura wala suti, kwa sababu yule mwanamke anamjua nje ndani. Anajua sauti yake anapodanganya. Kilichobaki cha kumrudisha ni mazungumzo tu, na kwenye mazungumzo hakuna mwenye misuli zaidi ya mwenzake.

Mayai asubuhi, na lile pazia la blanketi

It Happened One Night ndiyo inayopendwa na mume wangu, na najua sababu. Iliongozwa na Frank Capra, ikatoka Februari 1934 kabla ya kanuni kukazwa, na ikawa filamu ya kwanza kuchukua tuzo zote tano kubwa za Oscar: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mwandishi. Claudette Colbert ni Ellie, binti wa tajiri, aliyeruka kutoka kwenye boti ya baba yake huko Miami kwa sababu baba amekataa ndoa yake. Clark Gable ni Peter, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Wanakutana kwenye basi la kwenda New York, hela zinaisha, wanalazimika kulala chumba kimoja. Peter anatundika blanketi kwenye kamba katikati ya vitanda viwili na kuliita kuta za Yeriko.

Asubuhi yake ndiyo sehemu ninayoipenda. Ellie anaamka na kukuta gauni lake limepigwa pasi na Peter yuko jikoni anakaanga yai. Mwanamume wa 1934, nyota mkubwa kama Gable, anashika kikaango bila filamu kumcheka. Baadaye kidogo wapelelezi wa baba wanagonga mlango, na wale wawili, bila kupanga neno, wanajifanya mke na mume wa kawaida waliochoshana. Peter anafoka, anafokewa, Ellie anamkatiza maneno, kisha analia kwa sauti. Wapelelezi wanaondoka kwa aibu. Mlango ukifungwa, wanacheka kama watoto walioiba embe. Mpaka dakika ile Peter alikuwa mwalimu na Ellie mwanafunzi. Hapo wamecheza pamoja na hakuna aliyemzidi mwenzake.

Kuna pia lile tukio la kuomba lifti barabarani, Peter akijigamba kuhusu ufundi wa kidole gumba huku magari yakimpita moja baada ya jingine, mpaka Ellie anapoinua sketi kidogo na gari la kwanza linasimama kwa breki kali. Watu wengi wanalitaja kama ushindi wa mwanamke. Mimi linanichekesha, ila ushindi wa paja si ule wifi aliouomba.

Sasa upande wa pili. Peter anambeba Ellie begani kuvuka mto na kumpiga kofi la makalio. Mwishoni, ofisini kwa baba yake Ellie, anasema kwamba binti huyo anahitaji mwanamume wa kumpa ngumi moja kila siku, awe amestahili au hakustahili. Inasemwa kama mzaha na baba anafurahi. Na kuna jambo jingine ambalo sikuliona mara ya kwanza. Usiku wa mwisho wa safari, Ellie anapita upande wa pili wa lile blanketi na kumwambia Peter usoni kwamba anampenda, na Peter anamwambia arudi kitandani kwake. Peter yeye upendo wake anamkiri nani? Baba mkwe. Wanaume wawili wanamalizana ofisini, kisha baba ndiye anayemnong'oneza bibi harusi, wakiwa njiani kwenda madhabahuni, kwamba gari liko tayari akitaka kukimbia. Ellie anakimbia kwa miguu yake mwenyewe, hilo nampa. Lakini maneno aliyostahili kuyasikia hatukuona akiambiwa.

Mume wangu alinijibu kwamba ndivyo zama zilivyokuwa. Ningelikubali jibu hilo kama The Awful Truth isingetoka miaka mitatu tu baadaye, nchi ileile, studio ileile ya Columbia.

Mwanamume anayesema alikuwa mjinga

The Awful Truth, ya mwongozaji Leo McCarey, inaanza na uongo wa mume. Jerry, anayechezwa na Cary Grant, amemwambia mkewe alikuwa Florida, na anaota taa ya kubadili rangi ya ngozi ili arudi nyumbani na rangi ya jua. Anafika na kapu la machungwa kama zawadi. Mkewe Lucy, anayechezwa na Irene Dunne, naye anaingia asubuhi akiwa bado na gauni la sherehe ya jana usiku, ameongozana na mwalimu wake wa muziki, akisema gari liliharibika njiani. Jerry anamshuku. Lucy anachukua chungwa moja na kumtupia: limepigwa muhuri wa California.

Filamu haikuonyeshi Jerry alikuwa wapi, wala haihangaiki kuthibitisha gari liliharibika kweli. Inachotaka ujue ni kwamba Jerry anadai kuaminiwa bila kuulizwa, na yeye huyohuyo hataki kuamini. Wanakwenda mahakamani, wanapewa siku 90 kabla ya talaka kukamilika, na ugomvi mkubwa unakuwa wa mbwa. Hakimu anaamua mbwa achague mwenyewe, na Lucy anamwonyesha kwa siri mwanasesere wake wa kuchezea. Hakuna malaika katika nyumba hii, na ndiyo maana naiamini.

Nikwambie kuhusu tukio moja tu. Jerry amejiaminisha kwamba Lucy anakutana na yule mwalimu kisirisiri. Anakwenda nyumbani kwa mwalimu, anamsukuma mtumishi, anavunja mlango kwa kishindo, na anajikuta nyuma ya ukumbi mdogo wenye wageni waliovaa vizuri, wamekaa kimya, na mkewe amesimama mbele ya piano akiimba. Anatafuta kiti cha nyuma kwa aibu. Anakiegemeza ukutani. Kiti kinateleza, anaanguka, na kila anapojaribu kuinuka kinazidi kuleta kelele. Kamera inarudi kwa Lucy. Amebakiza noti chache. Angeweza kukasirika, angeweza kusimama kuimba. Anamalizia wimbo, na ndani ya noti za mwisho kabisa anaingiza kicheko kidogo, laini, kilichokaa sawasawa na muziki. Hapo unajua kwamba bado anampenda, na unajua kwamba amemwona alivyo. Nimemrudisha mume wangu nyuma mara tatu kutazama sekunde zile.

Mwisho wake ni vyumba viwili, mlango katikati usiokubali kufungwa vizuri kwa ajili ya upepo, na saa ya ukutani inayokaribia usiku wa manane ambapo talaka itakamilika. Mazungumzo yao yanazunguka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani: mambo si yaleyale, ila ni yaleyale, ila ni tofauti kwa namna tofauti. Katikati ya mzunguko huo Jerry anasema alichokuwa anakwepa filamu nzima: yeye ndiye aliyekuwa mjinga, na sasa hataki kuwa mjinga tena. Hakuna anayempigia magoti mwenzake. McCarey alipata Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu hii, na alijulikana kwa kuwaacha waigizaji wabuni maneno palepale. Unaisikia hali hiyo kwenye namna wale wawili wanavyokatizana na kusubiriana.

Upungufu wake: Lucy hana kazi wala Jerry haonekani kufanya kazi. Ni watu wenye hela wanaocheza ndani ya hela. Usawa ni rahisi pasipo na kodi ya nyumba.

Kazi inapoingia ndani ya ndoa

Kwa hiyo ukitaka usawa wenye jasho, unabaki na mbili: His Girl Friday na Adam's Rib. Hapa ndipo nilipopata shida ya kuchagua, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

His Girl Friday ilitokana na tamthilia ya 1928 ya Ben Hecht na Charles MacArthur iliyohusu mhariri na mwandishi wake bora, wote wanaume. Mwongozaji Howard Hawks alisikia mistari ya mwandishi ikisomwa na mwanamke, akaona imekaa vizuri zaidi, na Hildy Johnson akawa mwanamke. Fikiria maana yake. Sehemu hiyo haikuandikwa kwa kuuliza "mwanamke angefanyaje hapa?" Iliandikwa kwa ajili ya mtu hodari wa kazi, kisha akapewa mwanamke. Rosalind Russell alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alimlipa mwandishi mfukoni mwake amtungie majibu ya nyongeza ili asizidiwe maneno na Cary Grant. Inaonekana. Hakuna filamu nyingine kati ya hizi ambayo maneno yanatoka kwa kasi hii, mmoja akianza sentensi kabla mwenzake hajamaliza yake.

Hildy amerudi gazetini kuaga. Ameshaachana na Walter, mhariri, na kesho yake anaolewa na Bruce, mfanyakazi wa bima kutoka Albany, mwanamume mpole kupita kiasi. Walter hamwombi arudi. Anamwekea mezani habari: mtu aitwaye Earl Williams atanyongwa asubuhi, na anayeweza kuiandika vizuri ni mmoja tu. Hildy anapanga bei: ataandika, lakini Walter akate kwa Bruce bima ya maisha ya dola 100,000. Mwanamke anayeijua thamani ya kazi yake mpaka anajua kuipangia bei.

Kisha anakwenda gerezani kumhoji Earl. Kasi yote ya filamu inazimika ghafla. Anakaa nje ya wavu, anazungumza taratibu, anamsikiliza mtu aliyechanganyikiwa mpaka mtu huyo anajieleza. Baadaye, Hildy akiwa hayupo, waandishi wa kiume waliokuwa wakicheza karata chumbani wanaisogelea mashine yake ya kupiga chapa na kuisoma habari ile ikiwa bado imo kwenye roli. Wanaume wabishi, wenye midomo, wananyamaza wakisoma. Mmoja anakiri kwamba yule mwanamke anajua kuandika. Sijawahi kuona filamu ya mapenzi ya enzi hiyo iliyomsifu mwanamke namna hii, kwa kazi aliyoiacha mezani, yeye mwenyewe akiwa hayupo chumbani, pasipo neno hata moja kuhusu sura yake.

Na bado. Pima kwa kipimo changu, uone. Walter anamtia Bruce rumande mara tatu kwa hila. Mama yake Bruce anabebwa kama gunia. Msichana maskini, Molly, rafiki pekee wa Earl, anajirusha dirishani, na dakika chache baadaye karibu kila mtu amemsahau. Walter haombi msamaha kwa lolote. Mwishoni Hildy analia, mara pekee, kwa sababu alidhani Walter ameacha kumfanyia hila na anamwacha aende kweli. Wanaondoka kufunga ndoa upya, fungate ya Niagara Falls inageuzwa safari ya kuripoti mgomo huko Albany, na Walter anatangulia mlangoni huku Hildy akihangaika nyuma yake na sanduku lake mwenyewe.

Mume wangu alicheka sana pale. Mimi nilinyamaza. Ninaipenda filamu hii kuliko zote nne, nasema wazi. Hildy ni sawa na Walter kwa akili, kwa kasi, kwa ujasiri wa kumrukia afisa wa gereza barabarani amnyang'anye habari. Lakini kuna usawa wa uwezo na kuna usawa wa kutendeana, na hapa umo wa kwanza tu. Nimewaona wanawake kazini wanaoishi hivyo: wanaaminiwa kazi ngumu kuliko wote, na sanduku ni lao.

Adam's Rib inalichukua swali hilohilo na kuliweka chumba cha kulala. Waandishi wake, Ruth Gordon na Garson Kanin, walikuwa mke na mume. Mwongozaji ni George Cukor. Spencer Tracy ni Adam, mwendesha mashtaka. Katharine Hepburn ni Amanda, wakili. Wamekaa kwenye ndoa kwa amani na wanaitana jina moja la kubembelezana. Mwanamke mmoja maskini, Doris, amemfuma mumewe na hawara akafyatua risasi na kumjeruhi mume. Adam anapewa kesi ya kumshtaki. Amanda anaamua kumtetea. Hoja yake ni nyepesi kuisema na nzito kuijibu: mwanamume akifanya vivyo hivyo kulinda nyumba yake, jamii humwelewa; kwa nini mwanamke asieleweke? Mahakamani anawaambia waamuzi wawafikirie wahusika wakiwa wamebadilishana jinsia, na filamu inakuonyesha kweli, mume akiwa amevaa kike, mke akiwa amevaa kiume.

Mchana wanapambana mbele ya hakimu, jioni wanakutana nyumbani. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na hapa vinagongana kila siku saa za kazi. Siku za mwanzo wanachekeana chini ya meza za mahakama, mmoja akidondosha penseli ili ainame amtazame mwenzake. Kadiri kesi inavyokolea, kicheko kinapungua.

Tukio la kulishika ni hili. Wako nyumbani wanakandana misuli baada ya siku ndefu, zamu kwa zamu. Adam anamkanda Amanda, anamaliza kwa kofi la makalio. Amanda anageuka. Anasema lile halikuwa la mchezo. Anajua tofauti ya kofi na kofi, na lile lilikuwa na hasira ndani yake. Adam anakana. Amanda analia, na Adam anayabeza machozi yake, kwamba ndiyo silaha ya wanawake, inayeyusha kuliko asidi. Linganisha na kofi la makalio la 1934 kule mtoni. Kofi ni lilelile. Mwaka 1934 filamu inalipita likiwa utani. Mwaka 1949 filamu inasimama, inampa mwanamke nafasi ya kusema amesikia nini ndani ya kofi lile, na wewe uliyekaa kwenye kochi unalazimika kuamua unamwamini nani. Mimi na mume wangu tulizima tukaongea karibu saa nzima.

Na Adam analipa. Kesi anashindwa hadharani, mwanamke mwenye nguvu za sarakasi aliyeletwa kama shahidi anamnyanyua juu mahakamani. Lakini Amanda naye anafunzwa: Adam anawavamia, yeye na jirani anayemtongoza, akiwa na bastola mkononi, na Amanda anapiga kelele kwamba hana haki, hakuna mtu mwenye haki hiyo. Ndicho hasa Adam alichokuwa akikisema kuhusu Doris tangu mwanzo. Akishalisikia, anaitia bastola mdomoni na kuitafuna. Ni ya peremende. Halafu, wakiwa kwa mhasibu wakigawana mali, Adam anatokwa na machozi, Amanda anayeyuka, wanarudiana. Usiku anamwonyesha kwamba machozi yale aliyaita tu: hata wanaume wanaweza, ila hawalikumbuki. Silaha aliyoibeza ameishika yeye. Kila mmoja ametembea mpaka upande wa mwenzake akarudi.

Sitakuficha kwamba dakika ya mwisho inalegea, inakimbilia utani wa "tofauti ndogo" kati ya mwanamume na mwanamke ili watu watoke ukumbini wakitabasamu. Na ule ujanja wa bastola hata leo haunifurahishi. Lakini Adam ametajwa kugombea ujaji, na Amanda hapohapo anawaza kugombea kwa chama cha upande wa pili. Hakuna aliyeacha kazi ili ndoa ipone.

Mambo matatu kabla hujabonyeza

Usawa wa filamu zote hizi ni wa weupe, na mara nyingi wenye nafasi. Watu weusi wakionekana ni watumishi au wabeba mizigo. Katika His Girl Friday, polisi aliyeuawa na Earl ni mweusi, na anatajwa zaidi kwa sababu ya kura za watu wake kuliko kwa kifo chake. Mtazame mkijua.

Hakuna watoto kati ya wahusika wakuu. Usawa wa nani anaamka usiku haujaguswa kabisa.

Kuhusu lugha, His Girl Friday inahitaji maandishi chini hata kwa anayejua Kiingereza vizuri, la sivyo mtapoteza nusu. Kwa upande mwingine ndiyo rahisi kuipata kihalali mtandaoni, kwa kuwa hakimiliki yake Marekani haikuhuishwa na sasa ni mali ya umma huko. It Happened One Night ndiyo nyepesi kuifuata kuliko zote.

Kuna wasomaji watakaouliza kuhusu The Philadelphia Story (1940). Inaanza na mume kumsukuma mke kwa kiganja usoni mpaka anaanguka, na ndani yake baba mzinzi anamlaumu binti kwa uzinzi wake. Hepburn anang'aa humo, lakini anang'aa akifunzwa adabu. The Lady Eve (1941) ya Preston Sturges ni tamu sana, Barbara Stanwyck akimzungusha Henry Fonda kama pia, ila hapo mwanamke ana akili za wote wawili, na huo nao si usawa.

Nilichomjibu wifi

Kama mko kwenye ndoa miaka kadhaa na kuna jambo dogo linalouma ambalo hamjalizungumza, The Awful Truth. Inafundisha jinsi ya kurudi bila kudhalilishana. Kama mnafanya kazi moja, au mke ana kazi inayomla usiku, His Girl Friday, mkiwa na afya ya kucheka na ya kubishana. Kama mnataka jioni nyepesi na wazazi wako sebuleni, It Happened One Night, na lile la ngumi mtalisemea wenyewe.

Wifi na mchumba wake nimewaambia waanze na Adam's Rib. Yeye ni mhasibu, mchumba ni mhasibu, na wameomba nafasi katika ofisi moja. Nimemwambia waitazame Jumamosi kabla ya kikao cha harusi, na wakifika kwenye lile kofi wasimamishe, kila mmoja aseme amesikia nini, kabla hawajaendelea.